KIRANGOZI WA UKOO WETU ALIITWA NANI?

Asikwambie mtu, kumpa mtoto jina Usukumani si kazi ya dakika mbili. Dada yangu pale Geita mjini kajifungua kidume, na kwa mila zetu mtoto hurithi jina la mkubwa aliyetangulia. Upande wa mama kuna hadithi ambayo sote tumekua nayo: babu wa babu alikuwa kirangozi, yaani mtu wa kuongoza njia kwenye misafara ya zamani, na eti ndiye aliyempeleka mzungu Speke ziwani mwaka 1858. Dada akasema mwanangu ataitwa kwa jina la huyo. Haya, jina lenyewe nani? Kimya!

Mjomba naye akaja juu. "Mnampa mtoto jina la mtu aliyewaonyesha wazungu njia? Dhahabu inaondoka mnaiona kwa macho, halafu mnasherehekea aliyewafungulia mlango!" Mjomba alikuwa na duara lake huko machimboni, eneo likaja kuangukia kwenye leseni ya wenye nazo, kwa hiyo hasira zake si za vitabuni. Dada akalia. Mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi wa familia, nikatupiwa mzigo.

Nikaanza na Speke mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1864 nimekisoma kwenye simu, Kiingereza cha kuchosha kweli kweli. Jamaa aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora, Julai 9, 1858, akamwacha mwenzake Burton mgonjwa, na Agosti 3 akaliona ziwa kule Mwanza. Njiani anataja Nindo na Salawe, kwetu kabisa huko Shinyanga! Nikaruka kitini. Lakini katika kurasa nilizosoma, yule aliyetangulia mbele anaitwa "Kirangozi" tu. Neno letu kaliandika vizuri, mwenye kazi yake hakumwandika.

Anayetajwa kila mara ni Sidi Mubarak Bombay, na huyu, masela, anastahili filamu. Alikuwa Myao, akakamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa hadi India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Afrika. Baada ya Speke akasafiri na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron, mpaka pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha London kikampa medali ya fedha na pensheni. Akafia Zanzibar 1885.

Basi nikafunga safari kwenda kwa bibi, Salawe. Siku hizi kutoka Geita mtu unapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilometa tatu lililofunguliwa Juni 2025, unaliangalia ziwa kwa dirisha. Enzi za kusubiri kivuko wacha tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea sukari au maneno matupu?"

Nilileta vyote viwili. Nikamwuliza habari za yule kirangozi na mzungu. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzungu gani? Baba alinisimulia, yule alikuwa akipeleka pembe pwani, anarudi na nguo na shanga." Akanieleza manyoya ya kichwani, bendera nyekundu nyuma yake, na kwamba hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Hili la kupita Burton naye kaliandika: ukimtangulia kirangozi unatozwa faini, na mshale wako unachukuliwa iwe ushahidi. Konda wa daladala angeipenda sheria hiyo.

Nikapiga hesabu. Bibi kavuka themanini kidogo. Kirangozi ni baba wa babu yake. Ukiweka miaka thelathini kwa kila kizazi, unaangukia miaka ya 1850. Maana yake Speke anapita Salawe, mtu wetu yuko porini anachunga ndama! Ukubwani akawakuta Waarabu na Wanyamwezi wa pembe. Ni kweli Stanley alipita Usukumani mwanzoni mwa 1875, akatokea Kageye Februari, na wakati huo kijana wetu angekuwa na nguvu zake. Hilo mjomba sijamwambia. Msinichongee.

Sasa jina. Bibi akatoa sandukuni risiti ya kodi ya baba yake, ya enzi za mkoloni, imekunjwa ndani ya kitambaa. Nikaifungua taratibu maana inakatika kwenye mikunjo. Karani kaandika majina mawili, la baba wa bibi na la babu yake. Basi! Hatua moja tu kabla ya mtu wetu, karatasi inaishia hapo. Nilitamani kumfufua yule karani nimwongezee wino.

"Karatasi ya serikali ilitaka hela, haikutaka ukoo," bibi akasema. Wao walimwita babu tu, mkubwa hatajwi jina ovyo. Ila kwenye tambiko lazima wafu waitwe mmoja mmoja, na anayewaita kwa nyumba ile kubwa ni mzee mmoja yuko Nindo. Hana simu. Kwake hamwendi mikono mitupu, na hamwendi kipindi cha kulima.

Nikarudi Geita na habari hizo. Mjomba aliposikia ni pembe na si wazungu, akakaa muda mrefu akiizungusha kofia yake mkononi. Halafu akauliza nauli ya kwenda Nindo ni kiasi gani, na kama mzee anakunywa soda au ile kitu nyingine. Dada kamwandikisha mtoto kwa jina la baba yake, nafasi ya pili kaiacha. Tunaondoka baada ya mavuno, mjomba kasema atakaa siti ya mbele.