Kanisa Lililojengwa kwa Ajili ya Dada

Kusini ya mji wa Carlisle, Uingereza, kipo kijiji kiitwacho Wreay, ambacho wenyeji hutamka "Ria". Ni kijiji kidogo tu, lakini kina kanisa la Mtakatifu Maria, na hilo ndilo linalotupeleka huko.

Kanisa hili ni kazi ya Sarah Losh, mwanamke ambaye hakusomea ujenzi. Nani angemfundisha enzi zile? Yeye na mdogo wake Katharine hawakuolewa. Walirithi mali ya baba yao, wakaishi na kufanya mambo yao pamoja, hata safari ya Italia. Mwaka 1835 Katharine akafariki.

Kanisa la zamani la kijiji lilikuwa limechakaa. Sarah akajitolea kutoa kiwanja na kulipa gharama zote, kwa sharti moja: aachiwe ajenge apendavyo. Wazee wakakubali, na mwaka 1842 kanisa likafunguliwa.

Wengi wetu tukisikia madirisha ya vioo vya rangi, tunawaza watakatifu wenye kanzu ndefu. Hapa macho yanakutana na majani. Vipande vidogo vya vioo vimepangwa kama majani na maua, na vingine ni vya kale, vilivyotoka Ufaransa. Upande wa madhabahu kuna jambo la ajabu zaidi: mawe ya alabasta, membamba kiasi cha kupitisha mwanga, yaliyochongwa sura za mimea iliyoota duniani zamani sana na kugeuka mawe. Nje, kuzunguka madirisha, kuna vipepeo, mende, bundi na masuke ya ngano. Viumbe vyote vya Mungu vina nafasi, hata mende tunaowafukuza jikoni!

Sarah hakuagiza tu. Alishika patasi mwenyewe, akachonga birika la ubatizo pamoja na binamu yake. Ukutani kuna mishale, kwa maana rafiki yao, Meja William Thain, aliuawa Afghanistan mwaka 1842. Na kila mahali kuna tunda la msonobari, ishara ya uhai mpya.

Uani mwa kanisa kipo kijumba cha mawe makubwa. Ndani ameketi Katharine wa marumaru, akitazama tunda la msonobari. Sarah alifariki mwaka 1853, akazikwa katika kaburi moja na mdogo wake.