Kwa gari-nyumba hadi St. Pauli: mtaa usiolala na haki ya udugu

Hamburg ni mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, kando ya mto Elbe, na ndani yake umo mtaa unaojulikana duniani kwa usiku wake kuliko kwa mchana wake. Jina lake ni St. Pauli. Barabara yake kuu, Reeperbahn, haifiki urefu wa kilomita moja, lakini katika urefu huo mdogo zimepangana kumbi za muziki, majumba ya michezo ya kuigiza, mabaa, nyumba za kamari na maovu mengine ambayo kurasa za familia hazina haja ya kuyataja kwa majina. Huko ndiko tunakokusudia kwenda, inshaallah, mwishoni mwa Septemba, kwa gari-nyumba, pamoja na Mama yetu mzazi na mwanetu wa miaka 12.

Msomaji ana haki ya kushangaa. Hata katika kamati ya msikiti, tulipoomba ruhusa ya wiki tatu, mzee mmoja alituuliza kwa upole: "Katibu, katika nchi zote za Mwenyezi Mungu, hamkuona mtaa mwingine?" Swali lake lilikuwa la haki, na makala haya ni jibu letu kwake na kwa kila familia iliyo na ndugu mahali ambapo isingependa kupaona.

Jibu ni mjomba wetu. Yeye na Mama ni wa tumbo moja. Alitoka Tanga akiwa kijana, baharia wa meli za mizigo, akateremka Hamburg na kubaki huko. Leo ni mzee. Anakaa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, mtaa wa nyuma ya Reeperbahn, na magoti yake hayamruhusu tena safari ndefu. Miaka 31 imepita tangu ndugu hawa wawili waonane. Mama amekwisha kusema neno lake: asiyeweza kuja, hufuatwa.

Mtaa uliozaliwa nje ya lango

Kabla ya kuuhukumu mtaa, yafaa kuujua. St. Pauli ulikuwa nje ya kuta za Hamburg, kati ya mji huo na Altona, mji ambao hadi 1864 ulikuwa chini ya wafalme wa Denmark. Kazi zilizohitaji nafasi, au zilizowakera watu wa mjini kwa kelele na harufu, zilisukumwa huko. Miongoni mwake ilikuwa kazi ya kusokota kamba za meli, ambayo inataka uwanja mrefu ulionyooka. Na jina Reeperbahn maana yake ni njia ya wasokota kamba. Sisi tuliokulia karibu na mashamba ya mkonge hatuhitaji kuelezwa jasho la kazi hiyo.

Malango ya Hamburg yalifungwa usiku, na aliyechelewa alilipa ada ili aingie. Desturi hiyo ilidumu hadi mwisho wa 1860. Mabaharia waliotoka safari za miezi mingi, wakiwa na mshahara mfukoni na bila jamaa wa kuwapokea, walikuta nje ya lango watu waliokuwa tayari kuwapokea kwa malipo. Ndivyo mtaa wa starehe ulivyokua: kwa upweke wa wageni na tamaa ya waliouona upweke huo kuwa biashara. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kiingereza walioitwa the Beatles walijifunza kazi yao ya muziki katika kumbi za mtaa huu kabla ya kupata umaarufu, na tangu hapo watalii hawajakoma.

Lakini St. Pauli si Reeperbahn peke yake. Ni mahali pa kuishi pia: kuna shule, maduka ya mikate, wazee wanaoanika nguo madirishani, na watoto wanaokwenda shule asubuhi katika barabara zile zile zilizojaa walevi saa chache kabla. Mjomba ni mmoja wa wakaaji hao.

Hamburg na pwani yetu

Mji huu si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua ofisi yake Zanzibar mwaka 1849, na mwaka 1859 Sultan Majid alitia saini mkataba wa biashara na Hamburg na miji miwili mwenza, Bremen na Lübeck. Tangu 2010 Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada.

Yupo pia mwanamke ambaye kisa chake kimekuwa kikitujia tangu tuanze kupanga safari. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Hamburg, akaacha dini ya wazazi wake na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 baada ya kugongwa na tramu, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar, lakini nduguye, Sultan Barghash, hakukubali kuonana naye. Barghash alifariki mwaka 1888. Salme alifariki mwaka 1924, na kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg. Hatuandiki haya ili kuhukumu kati ya wawili hao. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Twaandika kwa sababu Mama, tulipomsomea kisa hicho, alinyamaza kitambo, kisha akauliza tu tarehe ya safari.

Kwa nini gari-nyumba

Mdogo wetu anaishi Odense, Denmark, na kutoka kwake hadi Hamburg ni kama kilomita 300 za barabara kuu. Angeweza kutupeleka kwa treni na kutulaza hotelini. Amependekeza kukodi gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko, choo na matangi ya maji ndani yake. Magari ya namna hii yasiyozidi tani tatu na nusu huendeshwa kwa leseni ya kawaida ya gari dogo.

Tulipolipima jambo hili tuliona faida tatu. Ya kwanza ni chakula: jiko ni letu, sufuria ni zetu, na hatutalazimika kula mahali panapouzwa pombe. Ya pili ni ibada: popote tutakapoegesha, maji yapo na mahali pa kuswalia papo. Ya tatu, ambayo kwetu ni kubwa zaidi, ni kwamba tunabaki na mamlaka juu ya saa zetu. Aliyelala hoteli ya Reeperbahn, usiku wa mtaa unamfuata hadi dirishani. Mwenye gari-nyumba anaingia anapotaka na kuondoka anapotaka.

Yapo ya kuangaliwa. Gari la namna hii huwa na kimo cha kama mita tatu, kwa hiyo maegesho ya ndani ya majengo hayalifai. Maegesho mengi ya St. Pauli ni ya wakaaji wenye vibali au ya kulipia. Sheria ya Ujerumani humruhusu dereva aliyechoka kulala ndani ya gari usiku mmoja mahali panaporuhusiwa kuegesha, ila si kutoa viti na meza nje na kufanya kambi. Wapo wanaoegesha kwenye uwanja wa soko la samaki, ufukweni mwa Elbe, ambao ni karibu sana na mtaa. Lakini dhoruba za majira ya kupukutika majani na ya baridi husukuma maji ya bahari hadi mtoni, na uwanja huo hufunikwa. Kwa hiyo tumechagua kiwanja maalumu cha magari-nyumba upande wa mashariki wa mji, chenye umeme, bomba la maji safi na mahali pa kumwagia maji machafu. Mjini tutakwenda kwa treni: Reeperbahn ni kituo cha nne kutoka stesheni kuu.

Hesabu ya maji ilituzindua. Tangi la gari tulilochagua hubeba lita 100, nasi tu watu watano. Kila mtu akitawadha mara tano kwa siku, ni udhu 25. Bomba likiachwa wazi na kila udhu ukala lita nne, tangi lote limekwisha kabla ya kupika chai. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Kwa kipimo hicho udhu zote 25 hazimalizi lita 25. Mwanetu amekwisha anza mazoezi nyumbani kwa kikombe, na anatusahihisha sote.

Wakati na ratiba

Tumechagua mwishoni mwa Septemba kwa sababu ya swala. Katikati ya Juni jua la Hamburg huchwa karibu saa nne usiku, na mwanga wake hauondoki kabisa mbinguni hadi alfajiri, hata wanazuoni wakalazimika kukadiria wakati wa Isha. Mwishoni mwa Septemba jua huchomoza na kuchwa punde baada ya saa moja, kama tulivyozoea. Tumeepuka pia siku za tamasha kubwa la muziki la Reeperbahn, ambalo hufanyika mwezi huo huo, na majira ya maonyesho ya Dom, ambayo mara tatu kwa mwaka huujaza uwanja ulio jirani.

Tutaondoka Odense Alhamisi baada ya Alfajiri na kulala Hamburg usiku tatu. Kwa kuwa hatutatimiza siku nne kamili, tutabaki katika ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya swala. Ijumaa tutaswali katika msikiti wa Böckmannstraße, mtaa wa St. Georg, karibu na stesheni kuu. Minara yake miwili imepakwa maumbo ya pembe sita ya kijani na meupe, na jengo lenyewe zamani lilikuwa bafu la umma. St. Georg nao ni mtaa wenye usiku wake na sifa zake, na Waislamu walioununua msikiti huo hawakusubiri mtaa utakasike kwanza. Walifungua mlango mahali watu walipo.

Kwa mjomba tutakwenda Jumamosi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetupangia saa. "Msije usiku, wapwa zangu," alisema kwa simu. "Njooni saa tatu asubuhi, wafagiaji wakishapita. Mtadhani mko mtaa mwingine." Tutakaa naye mchana kutwa, na kabla ya Magharibi tutaondoka. Usiku wa Jumamosi katika mtaa ule una sheria zake: silaha zimepigwa marufuku tangu 2007, na chupa za glasi usiku wa mwisho wa juma tangu 2009. Mji uliolazimika kutunga sheria hizo umetupa onyo la kutosha.

Jumapili kutakuwa na soko la samaki, lililoruhusiwa tangu 1703 kwa sharti limalizike kabla ya ibada ya kanisani, na hadi leo hufungwa saa tatu na nusu asubuhi. Humo hukutana wanaotoka vilabuni na wanaotoka majumbani na vikapu vyao. Mama anataka kuchagua samaki mwenyewe na kumpikia nduguye kabla hatujaondoka.

Swali la mtoto

Lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni mwanetu. Mama yake alipendekeza abaki Odense kwa familia tunayoiamini. Alisema mtoto hawezi kulifumba jicho lake kama mtu mzima, na hoja yake ilikuwa na uzito. Mama yetu akajibu, "Na babu yake atamwona lini?" Tulishauriana kwa siku kadhaa, kila mmoja akisikilizwa.

Tukakubaliana kwamba atakwenda, kwa masharti. Tumemweleza mapema, kwa lugha ya umri wake, mabango ya namna gani yako ukutani, pombe inawafanya nini watu, na kwa nini ipo njia moja ndogo iliyozibwa kwa kuta za chuma wasikokanyaga watoto. Tumemfundisha pia kwamba tunainamisha macho, lakini hatumdharau mtu. Kwani mlevi aliyelala barazani huenda naye ana dada anayehesabu miaka. Mambo haya atayakuta hata kwetu, katika simu na katika vituo vya mabasi. Ni afadhali ayasikie kwanza kwa wazazi wake.

Mzee wa kamati tulimjibu hivi: maovu ni ya watendaji wake, na mwenye kwenda kwa ajili ya kuunga udugu, akachagua saa yake, njia yake na wenzake, hajaufuata usiku wa mtaa. Alitafakari, kisha akatuuliza kama mjomba bado anaswali. Tukamwambia hatujui, wala Mama hajathubutu kumuuliza kwa simu. Mzee akaenda nyumbani kwake na kurudi na mswala mpya. "Mpelekeeni," akasema. "Msimuulize kitu. Wakati ukifika, tandikeni wa kwenu na huu pembeni."

Mswala huo umekwisha kuwekwa sandukuni. Tunawaomba wasomaji mtuombee safari njema, na mumwombee Mama nguvu ya kupanda ghorofa tatu. Wabillahi tawfiq.