Mchele hauoti: dai msimbo wa kifaa chako

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, mchele huliwa lakini hauoti. Anayetaka kupanda bonde la Rufiji hutafuta mpunga. Programu ya simu nayo ina mpunga wake, unaoitwa msimbo chanzo: maandishi ambayo fundi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Dukani tunauziwa mchele tu.

Jambo hili linatuhusu. Simu za Android zinazouzwa Kibiti zinaendeshwa na Linux, programu huria yenye leseni ya GPL toleo la 2. Kiwanda huitumia bila kulipa, ila kwa sharti: kitoe msimbo chanzo pamoja na kifaa, au kitoe ahadi ya maandishi, ya angalau miaka 3, kumpa yeyote atakayeuomba kwa gharama isiyozidi ya kuutuma.

Mnunuzi wa kaa pale Nyamisati huulizia bei kwa simu kabla boti haijang'oa nanga. Kiwanda kikiacha kusasisha simu hiyo, mianya ya wezi wa mtandaoni hubaki wazi, na bila msimbo fundi hana pa kuanzia.

Mimi niliwahi kuiandikia kampuni moja kuhusu ruta ya ofisini. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliitaja leseni, modeli na toleo la programu, nikatumiwa msimbo. Deni lisilodaiwa husahaulika.

Wenzetu wamedai wakapata. Mwaka 2003 watu waliibana Linksys hadi msimbo wa ruta zake ukatolewa. Humo ikazaliwa OpenWrt, inayofufua ruta kuukuu mpaka leo. Mwaka 2004 Harald Welte, mmoja wa waandishi wa Linux, alipata amri ya mahakama ya Munich, Ujerumani, dhidi ya Sitecom iliyokiuka leseni hiyo.

Fanya hivi:

1. Fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Maelezo ya kisheria. Tafuta neno GPL.
2. Andika modeli na toleo la programu.
3. Iandikie kampuni, ukiitaja leseni. Tunza nakala na tarehe.

Usitarajie msimbo wa kila kitu. Sharti linahusu sehemu zenye leseni hiyo tu. Na msimbo hautengenezi simu peke yake, kama mpunga usivyojipanda. Fundi anahitajika. Lakini fundi asiye na mbegu atapanda nini?