Isale la Mpakani

Kwa kazi mimi ni mwalimu; kwa mapenzi ni mtunza bustani. Nyumbani kwetu Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nimerithi kihamba chenye migomba, kahawa na mfereji wa maji, na kwa miaka mingi nilidhani kuwa kila kimea kilichomo nakijua. Likizo ya Desemba mwaka 2018 ilinionyesha kwamba sivyo.

Nilikwenda Uganda kumzuru rafiki niliyesoma naye chuoni, anayefundisha Kasese, chini ya safu za Rwenzori. Kiswahili husikika huko, kwani machimbo ya shaba ya Kilembe yalikusanya watu wa lugha nyingi, na mpaka wa Kongo hauko mbali, pale Mpondwe karibu na Bwera.

Mwenyeji wangu alinipeleka Mubuku, kwenye mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa katika miaka ya 1960. Nilifurahi kama mtoto. Maji yateremkayo milimani yamegawanywa kwa mifereji, yakanywesha mpunga, mahindi, vitunguu na miembe katika bonde lenye jua kali. Adhuhuri mama mwenye nyumba akaniuliza kama ninakula dodo. Nikaitikia kwa shauku, maana kwetu dodo ni embe kubwa tamu. Ikaletwa sahani ya mchicha! Tulicheka sote, nami nikaimaliza.

Jioni tukapanda vilimani, kwenye migomba na kahawa za Wakonzo. Kati ya shamba na shamba nikaona mstari wa masale, mabichi na manene kama ya kwetu. Nikashika shina moja, nikitaka kukata kipande cha kwenda nacho. Mzee mwenye shamba, aliyejifunza Kiswahili machimboni, akanizuia kwa upole.

"Liache, mwanangu. Huo ndio mpaka wetu. Baba yangu na baba wa jirani walilipanda pamoja. Wao wamekufa, lenyewe bado linasema."

Nilinyamaza. Ndugu msomaji, kwetu Uchaggani pia isale ni alama ya mpaka, na lina kazi kubwa kuliko hiyo: mwenye kosa humpelekea aliyekosewa jani la isale kuomba msamaha, na si desturi kulikataa. Nami, miaka miwili kabla ya safari ile, nilikuwa nimeng'oa masale matatu baina yangu na mdogo wangu ili nipate nafasi ya kupanda mawaridi. Aliponilaumu nilimjibu kwamba ni majani tu. Tangu siku hiyo hatukusalimiana.

Nilirudi Marangu bila mbegu wala kipandikizi. Kesho yake alfajiri nilikata jani la isale lililosalia nyuma ya nyumba, nikalifunga fundo, nikavuka mpaka nilioufuta mwenyewe. Mdogo wangu alilipokea kwa mikono miwili, hakusema neno. Juma lile tulipanda masale matatu mahali pa yale ya zamani, na mawaridi nikayahamishia kando ya mfereji.

Siku hizi, nifundishapo kwamba neno moja laweza kuwa na maana mbili, hutoa mfano wa dodo, na wanafunzi hucheka. Mfano wa isale bado naona haya kuutoa darasani. Ndiyo maana nimeuandika hapa.