Kusubiri Mawingu ni Pesa

Tangu niache kampasi, kila wiki lazima mtu anitumie ile orodha ya matajiri walioacha shule. Howard Hughes hakosi. Sawa basi, tuongee juu yake, na juu ya muvi yake Hell's Angels.

Alianza kuishuti 1927 akiwa na miaka 21. Ni stori ya marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, na ilianza bila sauti. Mwaka huo huo The Jazz Singer ikatoka, watu wakasikia waigizaji wakiongea na kuimba, na muvi kimya zikaanza kuwa kitu ya jana. Hughes akarudia sehemu za mazungumzo. Greta Nissen, Mnorwe aliyecheza msichana Mwingereza, akaachwa sababu ya lafudhi, nafasi ikaenda kwa Jean Harlow, miaka 18. Muvi ikatoka 1930.

Sasa hizo vita za angani, wacha tu. Hakuna kompyuta. Ni ndege za ukweli, kibao, zinapishana mpaka unashika kiti. Hughes aligundua ukishuti anga tupu, ndege inakaa kama imesimama. Akaamua wangoje mawingu. Siku zinapita, marubani wako chini, bili inapanda. Mimi nikikodi kamera masaa matatu na mvua inyeshe, hiyo video imeenda.

Pesa ilitoka wapi? Babake alikufa 1924, kijana akarithi kampuni ya vifaa vya kuchimba visima vya mafuta. Ndio akaacha chuo. Hiyo sehemu hamnitumiangi.

Halafu kuna Phil Jones, makanika. 1929 alikuwa ndani ya ile ndege kubwa ya mabomu, kazi yake kutoa moshi ndiyo ionekane imetunguliwa. Rubani akaruka na parachuti. Jones hakutoka, akafa. Hughes pia alianguka na ndege akishuti hii muvi, akaumia kichwa, akapona, na yeye ndiye husifiwa ujasiri.

Mwaka jana niliitwa kushika taa kwenye paa la ghorofa ya sita, bila kamba, mia tano na lanchi. Dairekta akawa ananiambia nirudi nyuma kidogo, bado kidogo. Nikaweka taa chini nikashuka ngazi. Kabla nifike geti walikuwa wamepata kijana mwingine.