Michezo ya Mambo ya Kale Mjini Nairobi

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako makarani, mafundi na walimu ambao siku za mapumziko huvua nguo zao za kazi, wakavaa deraya za chuma, wakashika panga na ngao, na kuigiza maisha ya watu wa karne nyingi zilizopita. Huko Uingereza hukusanyika mahali palipopiganwa vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba 1066. Huko Marekani chama cha watu wa namna hiyo kilianza mwaka 1966 katika ua wa nyumba moja mjini Berkeley, California. Hawalipwi mshahara. Hushona nguo wenyewe, hufua chuma, na kupika vyakula vya zamani, ili wajue kwa mikono yale waliyoyasoma vitabuni.

Pengine msomaji atauliza: Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, una mambo gani ya kale ya kuigiza? Jibu hupatikana kwa safari fupi kutoka katikati ya mji hadi vitongoji vya upande wa magharibi.

Safari na ianzie barabara ya Harry Thuku, lilipo Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza. Jumba hili lilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru, michezo ya kigeni ndiyo iliyotawala humo. Lakini Oktoba 1976 ulichezwa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, aliyekamatwa miaka ishirini kabla ya hapo. Ulipokwisha, watazamaji walijiunga na waigizaji katika kuimba, wakatoka nao nje hadi barabarani. Hapo ilidhihirika kwamba kuyaigiza mambo yaliyopita si mchezo wa kupoteza wakati.

Kutoka hapo msafiri hushika barabara ya Uhuru, kisha ya Lang'ata. Hupita uwanja wa ndege wa Wilson, na bustani ya Uhuru Gardens, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Mbele kidogo, kupita lango kuu la mbuga ya wanyama, yapo mahali paitwapo Bomas of Kenya.

Bomas ilianzishwa mwaka 1971. Humo zilijengwa boma za makabila mbalimbali, kila moja kwa desturi ya wenyewe, pamoja na ukumbi mkubwa wa ngoma. Jambo la kusifiwa zaidi ni kwamba wachezaji hawakufungwa na ngoma za makwao. Aliyezaliwa kando ya ziwa alijifunza ngoma za pwani, na wa pwani akajifunza za mlimani. Mtu hawezi kucheza ngoma ya jirani vizuri asipojua kwanza jinsi jirani yule anavyotembea, anavyofurahi na anavyoomboleza.

Wako wanaonung'unika kwamba ngoma ya harusi pasipo bibi arusi ni uongo. Neno lao lina ukweli kiasi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, yenye ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ina kazi yake katika uzazi, arusi na matanga, nayo jukwaani haina mtoto wala maiti. Lakini mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika isukuti miongoni mwa mila zinazohitaji kuokolewa upesi, kwa kuwa vijana wanaoirithi wanapungua. Afadhali ngoma ichezwe jukwaani kuliko isichezwe popote.

Tena haifai kudhani kwamba kila kilicho cha asili ni cha tangu na tangu. Mwomboko wa Wakikuyu, unaochezwa kwa kodiani na kuheshimiwa leo kama urithi wa wazee, ulizuka wakati wa ukoloni, vijana walipochukua hatua za dansi za Wazungu wakazigeuza kuwa zao. Mwigaji wa jana amekuwa babu wa leo.

Mwaka 2025 kazi ya kujenga jumba jipya kubwa la mikutano ilianza pale Bomas. Majengo hujengwa na kubomolewa, na boma la maonyesho haliwezi peke yake kuhifadhi mila. Mila hukaa katika mikono na miguu ya watu.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya Mwingereza mwenye deraya na kijana wa Nairobi. Wa kwanza hana mtu wa kumwuliza. Waliopigana Hastings walikufa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, naye hupapasa katika vitabu na vyuma vilivyofukuliwa ardhini. Wa pili bado ana bibi ajuaye kusuka kikapu, na mzee ajuaye kutia nyuzi nane za nyatiti. Lakini wazee hao hawatangoji. Karani aendaye likizo nyumbani, na mkulima aishiye karibu nao, kila mmoja na aketi chini ajifunze jambo moja hadi alitende mwenyewe. Kuuliza ni bure leo. Kesho hakutakuwa na wa kuulizwa.