Barabara ya Askari Wanne

Ukitoka mji wa Los Angeles, Marekani, ukashika barabara kuu namba 5 kuelekea kaskazini, utapanda vilima vikavu, kisha utashuka katika bonde la Santa Clarita. Barabara hiyo ni ndefu ajabu: yatoka mpaka wa Mexico hata mpaka wa Canada, zaidi ya kilometa 2,200. Motokaa na malori hayakomi mchana wala usiku. Hapo bondeni, karibu na Newhall, kipande chake kina majina ya watu wanne: James Pence, Roger Gore, Walter Frago na George Alleyn.

Hao si marais wala matajiri. Walikuwa askari wa barabarani, vijana wa miaka 23 na 24, wala hakuna aliyetimiza miaka 2 kazini. Usiku wa tarehe 5 Aprili 1970, wawili wao walisimamisha motokaa penye mkahawa, kwa kuwa mtu aliyekuwamo alikuwa amemtishia msafiri kwa bastola. Majambazi wawili wakafyatua risasi. Askari wengine wawili walikuja mbio kuwasaidia wenzao; nao wakauawa. Yote yalikwisha kwa dakika tano hivi. Mpita njia mmoja, aliyekuwa akienda zake kazini, alisimama akajaribu kumburura askari aliyeanguka, kisha akaokota bastola akampiga mmoja wa wauaji hata risasi zikamwishia. Yeye hakuwa na kiapo wala mshahara wa kumlazimu. Fikiri, wewe ungefanyaje?

Walibaki wajane wanne na watoto saba.

Baada ya msiba huo polisi wa California walibadili mafunzo yao, hasa namna ya kusimamisha motokaa yenye watu wa hatari. Lakini majina yenyewe yaliwekwa barabarani mwaka 2008. Desturi ya jimbo hilo ni hii: Bunge hupitisha azimio, lakini serikali hailipii vibao, gharama hutoka katika michango ya watu. Utaratibu huo naupenda, maana waliomkumbuka marehemu hutia mkono mfukoni.

Kweli, dereva aendaye mbio hawezi kusoma majina manne kwa mara moja. Lakini kibao hakikuwekwa kwa ajili yake tu. Mwaka ule wa 2008 wale watoto saba walikuwa wamekwisha kuwapita baba zao kwa umri.